Msimamizi anataka nijaze siku ambazo hatukuandika dripu ya Bibi

Shikamoo Mama,

Mimi ni nesi, nina stashahada na leseni, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwenye nyumba ndogo ya kulea wazee huku juu ya mji wa Moshi. Wazee wetu ni 19. Manesi tuko wawili tu. Waliobaki ni wahudumu, watu wenye upendo sana lakini hawakusomea. Daktari anapita mara moja kwa wiki, siku nyingine tunampigia simu.

Tunaye Bibi mmoja, mwenyeji wa Kibosho, ana miaka 84. Mwezi uliopita aliugua kichomi. Homa ilishuka kwa sindano, lakini kula akaacha. Hata mtori, ambao zamani alikuwa akiuulizia mwenyewe, anauzungusha mdomoni kisha anautema. Daktari akasema kwenye simu, "Mwekeeni maji," tukamwekea. Zilikuwa siku 11, nyingine dekstrozi (maji ya sukari), nyingine salaini (maji ya chumvi), kulingana na kilichokuwepo stoo. Sasa dripu imetolewa na anakunywa uji kidogo kidogo. Mara ya mwisho kumpima alikuwa na kilo 44.

Nitakueleza bila kuficha. Kwenye faili lake kuna siku tuliandika "dripu x 2", basi. Kuna siku tatu hakuna kilichoandikwa kabisa. Kuna usiku mmoja kanula, kile kimpira cha kwenye mshipa, iliziba. Asubuhi nilipoingia nikakuta chupa imefika nusu, na kitabu cha ripoti kinasema "dripu imeisha". Nilipomuuliza mwenzangu akasema alijua ingeisha tu. Tena zile chupa ndogo za salaini za mililita 100 tulizochanganyia dawa ya kichomi, nazo siku nyingine zimehesabiwa kama dripu.

Binti yake yuko Marekani, kazi yake ni kulea wazee kwenye nyumba kama yetu ila kubwa, na ndiye anayelipa ada. Alipiga simu Jumapili, akaniuliza kwa upole: "Dada, kwa siku saba za mwisho za dripu, mama alipata mililita ngapi kwa mshipa, na ngapi kwa mdomo? Na ile dripu ilikuwa ya nini, ya kumlisha au ya kupitishia dawa?" Nilibaki nimeshika simu. Kaka yake anayeishi hapa Majengo yeye anasema dripu ndiyo chakula cha mgonjwa, na anatulaumu kwa nini tumeitoa wakati mama yake hajashiba.

Binti anakuja wiki ijayo. Msimamizi ameniita ofisini, akaniwekea faili mezani akasema, "Kaa nalo leo, jaza hizo nafasi, zifanane." Mwenzangu ananiambia kila mahali wanafanya hivyo. Nikikataa naogopa kazi, nina mtoto yuko shule na mama yangu yuko Same ananitegemea. Nikikubali sijui nitamwangaliaje yule binti usoni.

Mama, nijaze? Ile dripu ilikuwa chakula au la? Na kuanzia sasa niandikeje ili hili lisijirudie?

Nesi wa zamu ya usiku, Moshi

* * *

Marahaba mwanangu.

Usijaze. Nimelitanguliza hilo kwa sababu barua yako inaonyesha faili liko mezani na siku zinakwenda.

Nikueleze ninakolitoa. Nilipokuwa nesi mchanga, kwenye wodi ya wanaume ya hospitali nisiyoitaja, nilipokea zamu ya asubuhi nikakuta chati ya maji ina nafasi tupu. Aliyenikabidhi akaniambia zote zimeingia, lita mbili, nikaandika lita mbili kwa mkono wangu. Daktari alipopita raundi akasoma: yameingia lita mbili, mkojo kidogo mno. Akadhani mwili umelemewa na maji, akaagiza sindano ya kukojoza. Kumbe yule mzee kanula ilikuwa imechomoka tangu jioni, maji yalikuwa yanalowesha godoro na mengine yamevimbisha mkono chini ya bandeji. Alikuwa mkavu, na sisi tukamkausha zaidi. Aliyegundua ni mhudumu aliyekwenda kubadilisha shuka. Mzee alipona, lakini mwandiko ule ulikuwa wangu, na mpaka leo nikifunga macho nauona.

Ndiyo maana sikubaliani na mwenzako anayesema kila mahali wanafanya hivyo. Anayesoma faili baadaye hana njia ya kujua kwamba "zifanane" ilikuwa amri ya ofisini. Ataamini, na ataagiza dawa kwa imani hiyo.

Kinachoruhusiwa, tena ni halali kabisa, ni kuandika kwa kuchelewa na kusema kwamba umechelewa. Chukua ukurasa unaofuata, usirudi nyuma kubana maneno kwenye nafasi tupu. Weka tarehe ya leo na saa ya leo, kisha andika kwamba maelezo haya yanahusu siku fulani, hayakuandikwa siku ile, na umeyapata wapi. Ulichokiona mwenyewe sema umekiona. Kama umekitoa kwenye rejista ya stoo, sema ni rejista ya stoo. Nenda ukaiangalie hiyo rejista, maana itaonyesha chupa ngapi zilitoka, za aina gani, siku gani. Haitaonyesha ngapi ziliingia mwilini, na hapo ndipo utaandika, "Kiasi kilichoingia hakikurekodiwa." Sentensi hiyo inauma, najua. Andika hivyo hivyo. Ule usiku wa kanula kuziba, andika ulichokikuta asubuhi: chupa ikiwa nusu. Usiguse maneno ya mwenzako. Yeye ndiye atakayeyasahihisha, kwa kupiga mstari mmoja unaoacha maneno ya zamani yasomeke, kisha aweke sahihi na tarehe. Wino mweupe usiingie kwenye faili la mgonjwa hata siku moja.

Kwa msimamizi nenda kabla hajakuita tena. Mwambie, "Nimekaa na faili kama ulivyoniagiza. Nimeandika yote ninayoyajua kwa tarehe ya leo. Ambayo siyajui nimeandika kwamba hayapo." Usimhubirie. Mkumbushe pia kwamba binti anafanya kazi hii hii, na siku tatu zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja atazitambua kabla hajafungua ukurasa wa pili. Leseni uliyonayo ni yako, umepewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na siku ya kuulizwa utaulizwa wewe. Endapo atakulazimisha, mwombe akuandikie agizo hilo kwenye karatasi. Wachache sana hukubali kuweka amri kama hiyo kwenye maandishi. Nisingekuahidi kwamba huna cha kupoteza, lakini kwa miaka niliyofanya kazi, walioumia zaidi niliowaona ni waliokubali.

Sasa tuje kwenye swali la kaka wa Majengo, ambalo naliheshimu kwa sababu ni swali la karibu kila familia ya huku kwetu. Mtu akiona chupa inaning'inia, moyo wake unatulia. Anaona mgonjwa analishwa.

Lita moja ya dekstrozi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Hizo zinatoa kalori kama 170, ukikadiria juu sana 200. Bibi wa kilo 44 anahitaji takriban kalori 30 kwa kila kilo kwa siku, yaani kama 1,300. Basi chupa zake mbili za nusu lita zote zingekuwa dekstrozi na zote zingeingia mpaka tone la mwisho, hazifiki hata moja ya sita ya mahitaji yake. Protini haimo, mafuta hayamo. Na siku mlizotundika salaini amepata maji na chumvi, gramu 9 za chumvi kwa lita, kalori sifuri. Kikombe kimoja cha uji mzito wenye maziwa, sukari na kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa kinaizidi lita nzima ya dekstrozi. Mwambie kaka hivyo hivyo, kwa kikombe na chupa mkononi ikibidi. Ataelewa.

Kulisha mtu kwa mshipa kupo kweli. Daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Stanley Dudrick, na wenzake huko Pennsylvania, ndio walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba kiumbe anaweza kukua bila kula chochote kwa mdomo. Walianza na watoto wa mbwa. Lakini dawa ile ni mchanganyiko wa sukari nzito, asidi amino, mafuta, madini na vitamini, na kwa uzito wake huunguza mishipa midogo ya mkononi, hivyo hupitishwa kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, huku damu ikipimwa mara kwa mara. Kazi hiyo ni ya hospitali kubwa, wala nyumba yenu isiione aibu kwamba haiifanyi. Mlichompa Bibi ni maji, na kwa mtu mwenye homa asiyekunywa, maji yana maana kubwa. Ila yaandikwe kama maji. Neno "analishwa" likiingia kwenye faili bila kuwa kweli, kila mtu anapumzika, na siku 11 zinapita Bibi akiwa na njaa huku kila zamu ikidhani amekula.

Hilo ndilo lililonisumbua zaidi katika barua yako, kuliko zile nafasi tupu.

Maswali ya binti yana asili yake, na ukiijua hutayaona kama mtego. Kule Marekani, tangu sheria ya mwaka 1987, nyumba za wazee zinazolipwa na mipango ya serikali hujaza tathmini ya namna moja kwa kila mzee, na ndani yake mna sehemu ya kumeza na lishe. Hapo huulizwa kama katika siku 7 zilizopita mzee alilishwa au kupewa maji kwa mshipa. Dripu huhesabiwa pale tu faili linapoonyesha kwamba ilitolewa kwa ajili ya lishe au maji na kwamba mzee alikuwa na uhitaji huo. Maji ya kusafishia kanula hayahesabiwi, na yale ya kuchanganyia dawa hayahesabiwi hivi hivi tu. Ya chumba cha upasuaji hayamo, wala yanayotolewa wakati wa kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo au wakati wa kupewa dawa za saratani. Kisha huulizwa sehemu ya kalori iliyopitia njia hiyo, kama ni robo au chini yake, kati ya robo na nusu, au zaidi ya nusu. Na wastani wa maji kwa siku, kama ni mililita 500 kushuka chini au 501 kwenda juu. Majibu yale yanagusa hata malipo ya nyumba, kwa hiyo wanakaguliwa. Binti amekuuliza kama anavyoulizwa yeye kila siku kazini.

Sisi hatudaiwi fomu ile. Lakini ukiyatazama maswali yenyewe, kwa nini, nini, kiasi gani, na kwa mdomo kiasi gani, hakuna hata moja ambalo Bibi wa Kibosho hastahili kujibiwa.

Kuhusu namna ya kuandika, nitakuonyesha kwa mfano, maana ndivyo nilivyofundishwa na mimi:

"09:10. Tangu asubuhi Bibi amekunywa uji vijiko 4. Ulimi mkavu, mkojo kidogo, rangi ya chai. 09:20 daktari amepigiwa simu. Ameagiza dekstrozi 5% mililita 500 kwa saa 8, sababu upungufu wa maji. Agizo limesomwa tena kwake, amekubali. 09:45 imeanza, matone 21 kwa dakika, kanula mkono wa kushoto. 14:00 zimeingia 250, hakohoi, anapumua vizuri. 15:30 kanula imeziba, imetolewa, mkono haujavimba. Jumla iliyoingia 350. Zilizobaki 150 zimemwagwa. Daktari ameambiwa."

Tazama neno "zimeingia". Manesi wengi tunaandika iliyotundikwa, na ndiyo maana usiku ule ukaandikwa "imeisha". Mwili haupokei kilichotundikwa. Matone 21 nimeyapata kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita moja: 500 zidisha kwa 20, gawanya kwa dakika 480. Soma pakiti ya mpira wenu kabla ya kupiga hesabu, kwani ipo ya matone 60, na ukichanganya hizo mbili unamzamisha mzee au unamwacha mkavu. Na saa uandike za 24. Nimeshaona "saa 2" ikasomwa kama saa nane mchana na mtu mmoja, na saa mbili usiku na mwingine, mgonjwa akapewa dawa mara mbili.

Chupa za kuchanganyia dawa ziandike kwenye dawa, sehemu yake peke yake. Katika hesabu ya jumla ya maji unaweza kuzijumlisha, kwa sababu moyo na figo za Bibi hazijali chupa ilikuja kwa kazi gani, lakini usiziite dripu ya maji wala ya lishe. Agizo la simu daktari aje alisaini siku anapopita. Mwekee alama kwenye ukurasa asije akasahau. Na kila siku mtu akiwa kwenye dripu, pembeni yake kuwe na mstari wa alichokula na kunywa kwa mdomo, vijiko kwa vijiko, hata kama ni sifuri. Wahudumu wanaweza kuujaza huo. Hawakusomea, lakini ndio wanaoshika kijiko, nao wanajua kuliko sisi nani amemeza na nani ametema. Wape daftari lenye mistari mikubwa, waelekeze kwa nusu saa, utashangaa.

Wiki moja ya maandishi ya namna hii ingekwambia siku ya tatu kwamba Bibi hali chakula, na daktari angelazimika kuamua: aende hospitali awekwe mpira wa kumlishia kupitia puani, au atafutwe kinachomzuia kula. Kwa hiyo mtazame sasa. Fungua kinywa chake kwa tochi. Baada ya dawa kali za kichomi, ukungu mweupe mdomoni ni jambo la kawaida kwa wazee, na unauma kiasi cha kumfanya mtu auteme mtori anaoupenda. Angalia meno, uliza choo amepata lini. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, simamisha, mweleze daktari, kwani huenda chakula kinaelekea kwenye mapafu na ndicho kilicholeta kichomi chenyewe. Mlishe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo, bila haraka. Mpime uzito kila wiki.

Na usimjaze ghafla kwa kufurahi kwamba ameanza kula. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi akilishwa kwa pupa, potasiamu na fosfeti kwenye damu hushuka haraka na moyo unaweza kupata shida. Muulize daktari kuhusu vipimo hivyo na vitamini B1 kabla ya kuongeza chakula. Endapo atahitaji dripu tena, hoji kwanza kiasi na mwendo kulingana na moyo wake, na mvimbo wa miguu au kikohozi kipya mkione mapema. Kwa mzee mwenye mishipa iliyochoka, daktari anaweza pia kukubali salaini iingizwe polepole chini ya ngozi ya paja. Ni njia ya zamani, haiumizi sana, na nyumba kama yenu inaiweza.

Umesema kanula iliziba usiku, hukusema kama Bibi aliwahi kuichomoa mwenyewe. Kama aliichomoa, liandike hilo pia, pamoja na alichosema. Siyo kila anayechomoa amechanganyikiwa. Muulize, kwa Kichaga chake ikiwa kuna mhudumu anayekijua, kama anataka kuchomwa tena ikitokea haja, na watoto wake wayasikie maneno yake wote wawili.

Binti mpigie kabla hajapanda ndege. Usimsubiri afike akutane na faili. Mwambie tulimpa mama maji, hatukumlisha kwa mshipa. Mwambie siku zipi tunazo, siku zipi hatuna, na kwamba ule usiku mmoja uliandikwa vibaya. Atakasirika, ana haki. Mwache amalize. Kisha mwambie leo Bibi amekunywa vijiko vingapi, na uwe na hiyo namba kweli.

Ukishapata jibu la daktari kuhusu kinywa cha Bibi, niandikie tena. Ningependa kujua kama amerudia mtori wake.